Supu nzito ya mbaazi bila mfupa: mwongozo wa jiko la Dar

Sufuria hii inatosha watu sita wanaokula kweli, au wanane kama kuna chapati pembeni. Haina nyama, haina samli, haina maziwa, wala kidonge cha supu chenye ladha ya ng'ombe. Ukiondoa muda wa kuloweka, ni kazi ya saa moja na nusu hivi. Ukiwa na sufuria ya presha, inapungua.

Wanaohitaji supu ya namna hii Dar es Salaam si wachache. Wapo Wasabato wasiogusa nyama, zipo familia za Kihindu za Kisutu na Upanga, wapo Wakatoliki kwenye Ijumaa za Kwaresima, na wapo watu wazima walioambiwa na daktari wapunguze nyama nyekundu kwa sababu ya gauti. Shida ni kwamba supu ya mjini ni makongoro, utumbo au mbuzi, na anayekataa nyama anasogezewa bakuli la maharage yaliyoongezwa maji, kipande cha ndimu pembeni, basi. Anakunywa kwa adabu, saa nne njaa inamrudia.

Wapishi wengi wakiondoa nyama hukimbilia kuongeza viungo: bizari zaidi, pilipili zaidi, tangawizi zaidi. Supu inawasha lakini bado nyepesi. Mfupa haukuwa kiungo. Mfupa ulikuwa unafanya kazi nne kwa mpigo: unatoa ule utelezi unaonata mdomoni, unatoa mafuta, unatoa ladha ya ndani inayomfanya mtu arudishe kijiko, na kama nyama ilichomwa kwanza, unatoa moshi. Ukiutoa, kila kazi lazima ipate mfanyakazi wake. Hapa utelezi utafanywa na ndizi mbichi na mbaazi zenyewe, mafuta yatatoka kwenye nazi, ladha ya ndani itatoka kwenye uyoga na nyanya iliyokaangwa mpaka ikaiva, na moshi utatoka kwenye bilinganya.

Mahitaji

- Mbaazi kavu zilizokobolewa na kupasuliwa, gramu 400
- Choroko nzima, gramu 100
- Ndizi mbichi za kupika, 3 za wastani
- Bilinganya kubwa 1
- Uyoga, robo kilo
- Vitunguu maji 3, karoti 2
- Nyanya mbivu 3 na nyanya ya kopo kijiko kimoja cha chakula kilichojaa
- Kitunguu swaumu punje 6, tangawizi kipande cha kidole gumba
- Nazi 1 kubwa
- Binzari nyembamba kijiko cha chai kimoja na nusu, mbegu za giligilani kijiko kimoja cha chai, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili manga ya kutwanga
- Pilipili mbuzi 1, nzima
- Mafuta ya alizeti vijiko vinne vya chakula
- Ndimu 2, kotmiri fungu dogo, chumvi

Kununua

Mbaazi ndiyo roho ya sufuria, kwa hiyo tusiharakishe hapa. Dar tumezoea mbaazi nzima za nazi na maandazi. Kwa supu nataka zilizopasuliwa, zile za njano zisizo na ganda, kwa sababu zinapondeka zenyewe na kufanya uji mzito bila kuongezwa unga. Utazipata kwenye maduka ya nafaka kuzunguka Soko la Kariakoo, na kwa uhakika zaidi kwenye maduka ya Kisutu, mtaa wa mahekalu, ambako watu wamekuwa wakila nafaka za jamii hii bila nyama tangu zamani na hawakubali kuuziwa takataka. Kuna zinazong'aa kwa kupakwa mafuta ili zisishambuliwe na wadudu. Si mbaya, ila zioshe kwa maji ya moto mara mbili tatu kabla ya kupika.

Uliza umri wake. Swali lenyewe ni fupi: "Mama, shikamoo, hizi za msimu huu au za mwaka jana?" Muuzaji mkweli atakuonyesha gunia lingine. Mbaazi zetu nyingi zinatoka Lindi na Mtwara, na nyingine Babati, na mavuno mapya huanza kuingia mjini kuanzia katikati ya mwaka. Nafaka za jamii ya kunde zikikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, na Dar ina vyote viwili bila kuomba, huwa ngumu kwa namna ambayo moto hauiondoi. Unachemsha saa tatu, ganda limelainika, kiini bado kinagoma. Hapo kosa si la mpishi. Angalia pia vitobo: zilizobunguliwa ziache, hata kama bei inavutia.

Nikiwa hapo kwenye bei: mwezi wa 8 mwaka 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka, na bei kwa wakulima wetu ikaporomoka, kwa sababu mbaazi nyingi za Tanzania zilikuwa zinalimwa kwa ajili ya soko hilo. Kuna watu waliacha kuzilima. Chakula kizuri namna hii, na walaji wakubwa wako ng'ambo ya bahari. Haya, tuendelee.

Ndizi ziwe mbichi kabisa, kijani, zisizo na dalili ya njano. Mshale zinafaa sana, ndizo zinazopikiwa mtori, na ukiishi upande wa Mabibo utazikuta kwenye soko la Mahakama ya Ndizi. Mzuzu usinunue, utamu wake utaharibu supu. Uyoga ule mweupe unaofanana na masikio, unaolimwa mjini humuhumu, ni bora kuliko wa kopo. Ukikosa uyoga, ongeza nyanya ya kopo kijiko kingine na ukaange kwa muda mrefu zaidi.

Ukitaka kwenda mbali, kule Kisutu ulizia pia mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Watu wa Pwani wengi wanaujua kama dawa ya watoto, na harufu yake mbichi inafukuza wageni. Lakini punje ndogo ikiingia kwenye mafuta ya moto hubadilika na kuwa na ladha nzito ya kitunguu kilichokaangwa. Wahindu wasiokula nyama wanautumia kwenye dengu na mbaazi kila siku.

Kuloweka

Chambua mbaazi na choroko kwenye sinia, toa vijiwe, osha mpaka maji yatoke meupe. Mbaazi zilizopasuliwa zinaweza kupikwa bila kulowekwa, lakini saa moja au mbili za maji zitakuokolea gesi. Choroko hivyo hivyo. Tia kijiko cha chai cha chumvi kwenye maji ya kulowekea. Ndiyo, chumvi. Tumelelewa tukiambiwa chumvi inazifanya ziwe ngumu, na si kweli: ndani ya maji ya kulowekea inasaidia ganda kulainika. Kinachozifanya ngumu ni uchachu, na maji yenye chokaa.

Maji ya kulowekea mwage. Yanabeba sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi tumboni. Na usiloweke ukaacha mezani tangu asubuhi mpaka jioni. Joto la Dar linachachusha, na ukikuta povu na harufu ya togwa, ujue umechelewa.

Kuchemsha

Weka mbaazi na choroko kwenye sufuria kubwa na maji vikombe nane vya robo lita. Tia manjano na kijiko kimoja cha mafuta, ambacho kinatuliza povu. Zikianza kuchemka, engua povu lililobaki, punguza moto, funika nusu. Dakika arobaini na tano hadi saa moja. Kwenye presha ni dakika kumi na tano hivi tangu ianze kupiga mluzi, na hapo zingatia: maji na nafaka visivuke nusu ya sufuria, maana mbaazi zina povu na povu linaziba tundu la mvuke.

Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi ya chokaa, na mitaa mingi hapa inategemea visima maji ya bomba yakikatika, mbaazi zitachelewa. Nunua maji safi kwa ajili ya kupikia tu, au tia magadi kidogo sana, kiasi cha kushika kwa ncha ya vidole viwili. Magadi yakizidi supu inakuwa na ladha ya sabuni, na hakuna kiungo kitakachoiokoa.

Nyanya zisiingie sasa. Wala ndimu, wala ukwaju. Uchachu ukitangulia, mbaazi zinakaza na utazisubiri mpaka usiku. Huu ndio mstari mmoja wa mwongozo huu ambao sitaki uuruke.

Bilinganya kwenye moto

Wakati mbaazi zinachemka, chukua bilinganya, lichome tundu mbili tatu kwa uma, uliweke moja kwa moja juu ya makaa. Si kwenye kikaango. Si kwenye foili. Juu ya makaa, na uligeuze kila upande mpaka ngozi iwe nyeusi kabisa na lenyewe lilegee kama mpira uliotoka upepo. Dakika kumi na tano hadi ishirini. Liweke kwenye bakuli, lifunike kwa sahani, lijifukize kwa mvuke wake.

Mwenye jiko la gesi peke yake anaweza kuliweka juu ya mwali wenyewe, moto wa wastani, na kuweka dirisha wazi. Moshi wake ni mdogo kuliko wa mkaa lakini upo. Kuna njia nyingine ambayo mapishi ya Pwani yanaijua kutoka kwenye biriani: kufukiza. Supu ikishaiva, weka kibakuli kidogo cha chuma kikielea au kikikaa juu ya kipande cha kitunguu katikati ya sufuria, tia ndani yake kaa moja jekundu la mti, dondoshea mafuta matone mawili, funika haraka. Dakika nne zinatosha. Zikizidi, supu inakuwa chungu kama majivu. Kaa liwe la mkaa wa kawaida, lisiwe limewashwa kwa mafuta ya taa au plastiki.

Menya ngozi nyeusi kwa vidole. Usilisuuze bilinganya kwa maji hata kama vipande vidogo vyeusi vimebaki, kwa sababu maji yataondoka na moshi wote uliousubiri. Liponde kwa uma.

Kuunga

Hapa ndipo supu inapopata au kukosa ladha, na hapa ndipo watu wanapoharakisha. Kikaango kizito, vijiko vitatu vya mafuta vilivyobaki, moto wa juu kiasi. Chana uyoga kwa mkono, utie uchache kwa wakati mmoja, usiukoroge. Uyoga una maji mengi. Ukijaza kikaango unachemka badala ya kukaangika. Uache utoe maji, yakauke, kingo zipate rangi ya kahawia. Toa, weka pembeni.

Kwenye mafuta yaleyale tia vitunguu vilivyokatwa vyembamba na chumvi kidogo. Vipe dakika kumi na mbili au zaidi, mpaka viwe vya dhahabu inayoelekea kahawia. Vitunguu vyeupe vilivyolegea havitoshi kwa supu hii. Kama unao mvuje, huu ndio wakati wake, punje moja tu. Kisha swaumu na tangawizi vilivyotwangwa, dakika moja. Kisha binzari nyembamba na giligilani, ambazo afadhali uzitwange mwenyewe, maana za unga wa pakiti huwa zimeshapoteza harufu dukani.

Tia nyanya ya kopo, uisambaze kwenye kikaango, ikaange mpaka ibadilike kutoka wekundu mkali kwenda wekundu wa matofali. Ongeza nyanya mbivu zilizokunwa. Endelea mpaka mafuta yajitenge pembeni. Mafuta yasipojitenga, nyanya bado ni mbichi, na ubichi wake utausikia kwenye kijiko cha kwanza. Rudisha uyoga.

Ndizi

Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakupa vidole vyeusi vya siku tatu. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, viweke kwenye maji yenye chumvi visibadilike rangi. Mbaazi zikishapondeka kwa kubonyezwa na mwiko, tia ndizi na karoti kwenye sufuria pamoja na tui jepesi vikombe viwili, yaani lile la kukamua mara ya pili kwa maji ya uvuguvugu. Chemsha dakika ishirini.

Sasa toa nusu ya ndizi, zipondeponde, uzirudishe. Koroga kwa nguvu kidogo. Utaona supu inabadilika mkononi: mwiko unakuwa mzito, na tone likianguka kwenye sahani halikimbii. Nusu ya ndizi iliyobaki, pamoja na choroko ambazo hazikupondeka, ndizo za kutafuna. Supu ambayo yote ni uji inachosha baada ya vijiko vitano, na mashine ya kusagia ni adui hapa. Iache kabatini.

Kuunganisha na kumalizia

Mimina kile kikaango chote ndani ya sufuria, mafuta na yote. Suuza kikaango kwa maji kidogo ya moto na umimine pia. Tia bilinganya, pilipili manga, na pilipili mbuzi ikiwa nzima na kikonyo chake, bila kupasuka. Itatoa harufu tu. Ikipasuka, basi tena, waite wanaopenda. Moto mdogo dakika kumi.

Onja chumvi sasa na si kabla. Jamii ya kunde inakunywa chumvi, kwa hiyo itahitaji zaidi ya unavyodhani, lakini ongeza kidogo kidogo.

Mwisho tia tui zito kikombe kimoja, lile la mkamuo wa kwanza. Koroga taratibu upande mmoja, moto mdogo kabisa, na supu isichemke kwa fujo tena. Tui zito likichemka sana linakatika na mafuta yanaelea. Baada ya dakika tano zima. Ndimu na kotmiri zinaingia baada ya kuzima. Ndimu usiione kama pambo: ndiyo inayokata uzito wa nazi, na vitamini C yake inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi. Kwa sababu hiyohiyo chai ya rangi ingoje saa moja baada ya kula, maana chai inafanya kinyume.

Ikienda mrama

Imekuwa nyepesi: acha wazi dakika kumi bila mfuniko, au ponda ndizi zaidi. Usitie unga wa ngano. Imekuwa nzito mno: maji ya moto, kamwe si ya baridi. Ina ladha bapa ingawa chumvi ipo: ni ndimu inayokosekana, karibu kila mara. Ina uchungu: ngozi ya bilinganya au mkaa uliozidi, ongeza tui, na utaupunguza lakini hautaisha.

Ukikosa mbaazi

Adesi nyekundu zinaiva kwa dakika ishirini na ni nzuri kwa jioni ya haraka, ila utelezi wake ni mdogo, kwa hiyo ongeza ndizi moja. Dengu zilizopasuliwa zinachukua muda mrefu kidogo na zina utamu wake. Kunde nzima zinapendeza, ziloweke usiku kucha kwenye friji.

Maharage mekundu yana sharti lake. Yana sumu ya asili ambayo haiondoki kwa moto mdogo, kwa hiyo loweka usiku, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto. Chungu cha umeme cha moto wa pole hakifiki joto hilo, kwa hiyo yachemshe kwanza jikoni.

Vya kula nayo

Chapati ndiyo jibu la wengi, lakini kama unampikia mtu asiyekula chochote cha mnyama, uliza chapati imekandwa na nini. Wengine wanaweka maziwa, wengine samli. Vitumbua vya mchele na nazi, mkate wa mofa, wali mweupe au ugali wa dona vyote vinafaa. Nafaka na mbaazi vinajazana protini, kimoja kinatoa kile ambacho kingine kina upungufu nacho. Ila mtu ambaye haonji kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa ajue kwamba vitamini B12 haimo humu wala kwenye mboga yoyote ya majani. Hiyo aitafute kwenye vyakula vilivyoongezwa virutubisho au vidonge.

Na ile pakiti ya vidonge vya supu kwenye kabati, isome nyuma. Vingine vinaweza kuwa na mafuta au unga wa nyama hata kama picha ya mbele ni ya mboga.

Kuhifadhi

Supu yenye tui haivumilii Dar. Ikikaa mezani zaidi ya saa mbili imeanza kuharibika, hata kama pua bado haijasikia. Iliyobaki igawe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, friji siku tatu. Ukipika nyingi kwa makusudi, toa sehemu ya akiba kabla ya tui zito na ndimu, uigandishe, halafu vitu hivyo viwili utavitia siku ya kula. Ile ya kwenye friji, kesho yake itakuwa nzito mpaka kijiko kinasimama. Unaweza kuilegeza kwa maji ya moto, au uiache hivyohivyo, uipashe taratibu, uile na ugali kama mboga.